Kopo Nililolisifu Bila Kulifungua

Bibi,

Po!

Huo ndio mlio ulionibakia. Gunzi likichomolewa kwenye mdomo wa kibuyu chako cha mafuta. Mambo yako mengi yameanza kunitoka, na ninaona aibu kukuambia hivyo. Sauti yako ya kuimba siikumbuki vizuri tena. Lakini mlio huo haujaniacha. Nilikuwa nikiusikia alfajiri nikiwa bado nimefumba macho, ukungu ukiwa umelala juu ya migomba, nikajua umeshaamka, umeshachovya kidole, na sasa unajipaka wewe mwenyewe kwanza.

Wiki tatu zilizopita niliusikia tena, nyumbani kwa Mama Mdogo Tekla huko Mlali. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikakaa chini pale pale kizingitini kama mgonjwa.

Nitakueleza kwa nini. Ila nianze mbali kidogo, maana tangu utuache masika mbili zimepita, na mimi si yule Felista uliyemwacha.

Ninafundisha shule ya wasichana hapa Morogoro mjini. Nimepanga chumba kimoja karibu na stesheni. Na kila baada ya wiki mbili ninaandika katika gazeti moja la Kiswahili linalochapwa Dar es Salaam, ukurasa wa wanawake, kwa jina la Dada Nuru. Najua ungecheka. Ungesema, "Nuru gani, wewe uliyekuwa ukikimbia maji ya kuoga?" Kazi yangu ni kuwaeleza wanawake namna ya kutunza ngozi, nywele, meno na kucha. Mwanzoni niliandika niliyoyajua kutoka kwako: namna ya kukaanga nyonyo na kuzitwanga, namna ya kuengua mafuta yake yakiwa bado ya moto, jiwe la mtoni la kusugulia visigino. Barua za wasomaji zilikuja mpaka kutoka Kilosa. Nilikuwa na furaha sana, Bibi. Nilijiona kama nimekaa kwenye kigoda chako.

Halafu vikaanza kuja vitu.

Ulipofariki, dukani kwa Bwana Hasham palikuwa na sabuni ya kufulia, sabuni ya kuogea, na mafuta ya mgando kwenye vikopo. Basi. Sasa ukuta mzima ni makopo. Kuna krimu ya asubuhi na krimu ya jioni, kana kwamba uso unabadilika jua likizama. Kuna poda ya waridi, poda ya yasmini, na poda isiyosema ni ya nini. Kuna mafuta ya kulaza nywele zilizosimama na mafuta ya kusimamisha zilizolala. Kuna rangi ya kucha, na pembeni yake maji ya kuiondoa rangi hiyo hiyo. Treni ya kutoka pwani haiji bila boksi jipya. Bwana Hasham akiniona tu napita anatoka mpaka barazani: "Mwalimu! Mwalimu, chukua hii uiandike, hii ndiyo mpya!" Nikimuuliza habari ya ile aliyonipa juzi, anapunga mkono. "Ile? Ile imeshazeeka, Mwalimu."

Wenye maduka wengine wakasikia, nao wakaleta. Mawakala wa Dar es Salaam wakatuma kwa posta. Na mhariri wangu akaandika: "Nataka mapya, Dada Nuru. Sita, saba kwa mara moja. Wasomaji hawana subira."

Mwanzoni nilijaribu kufanya kama wewe, kujipaka kwanza na kusubiri. Hiki mkono wa kushoto, hiki wa kulia, hiki shingoni. Nikafika mahali ninawashwa na sijui kinachoniwasha ni kipi. Makopo yakajaa mezani, yakajaa dirishani mpaka mwanga ukapungua, yakaingia chini ya kitanda. Chumba kilinuka maua ambayo sijawahi kuyaona. Kuna jioni nilikaa katikati yake, kalamu mkononi, nikajihisi kama mtu anayeitwa na watu ishirini kwa pamoja, asijue amwitikie nani. Nililia, Bibi. Kwa sababu ya makopo! Nilijionea haya hata kumwambia mwalimu mwenzangu.

Ndipo nikaacha kuyafungua. Kila kopo lina karatasi yake ndani ya boksi, yenye maelezo ya Kiingereza. Mimi Kiingereza ninakijua. Nikawa nasoma karatasi, nanakili, naongeza utamu kidogo. Kazi ikawa nyepesi. Mhariri akanisifu.

Moja ya makopo hayo ni la kijani, lina picha ya mwezi mwandamo. Niliandika kwamba krimu yake hulainisha uso na kuung'arisha kwa siku moja, na kwamba inamfaa hasa msichana anayejiandaa kwa siku yake kubwa. Siku yake kubwa. Maneno hayo hayakuwa kwenye karatasi. Ni yangu. Nilipenda jinsi yalivyokaa.

Sasa nikuambie kuhusu Yustina, binti wa Mama Mdogo.

Uliondoka akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi wa mama yake. Mwaka huu amevunja ungo, na Mama Mdogo akamweka ndani kama ulivyowaweka wengine wote, ingawa padre alinung'unika kidogo. Miezi mitano hakuliona jua. Ngozi yake ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga. Na kwa kuwa amefika darasa la nne, huko ndani alikuwa na kitu ambacho wasichana uliowatoa wewe hawakuwa nacho: alikuwa na gazeti. Mama Mdogo alimletea kila alipotoka kuuza kabichi sokoni. Yustina alinisoma gizani, karibu na mwanya wa dirisha, kidole chini ya kila neno. Aliikata makala ya kopo la kijani akaichomeka ukutani.

Mama Mdogo akaja mjini, akanunua kopo dukani kwa Bwana Hasham. Hata hakupita kwangu kuniuliza. Aniulize nini, na mimi nimeshaandika?

Siku ya kumtoa mwali nilifika mapema. Kibuyu chako nilikiona ukutani, kinang'aa kwa mafuta. Mama Mdogo alikuwa ametengeneza mapya, kimejaa mpaka shingoni. Nikadhani ndiyo watakayompaka. Wakatoka na Yustina amefunikwa kanga, wakambeba begani, wakamfunua, jua likampiga usoni, na ngoma ikaanza.

Bibi, wewe ndiye uliyewafundisha. Mwali hasemi. Mwali hainui uso. Hata inzi akimtembelea jichoni, hapungi mkono. Ulituambia siku hiyo ndiyo mtihani wake, na anayelalamika amewaaibisha mama zake wote.

Hakulalamika.

Niliona machozi yakimdondokea mikononi, nikadhani ni machozi ya kawaida ya mwali. Niliona vidole vyake vimekamata upindo wa kanga, vinasokota, vinasokota. Na unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa natunga sentensi. Nilikuwa nawaza namna ya kuwaelezea wasomaji uzuri wa mwali aliyetulia. Alizungushwa uwanja mzima. Akina mama wakaimba zile nyimbo zote, mpaka ule wa mwisho wenye beti nyingi, na hakuna aliyeharakisha, maana kwa nini waharakishe?

Walipomshusha na kuinua kidevu chake, mwanamke aliyekuwa ameshika zawadi ya kumtunza mwali alipiga kelele.

Siwezi kukuandikia uso ule. Nimejaribu mara tatu nikaufuta. Ulikuwa mwekundu, umevimba, na mashavuni ngozi imeinuka kama maziwa yanavyoshika utando. Macho yalikuwa yamebaki mistari. Na bado hakutoa sauti. Alikuwa anasubiri aruhusiwe.

Tulimwosha ile krimu ya kopo la kijani kwa maji mengi ya mtoni, tena na tena. Ndani, Mama Mdogo akakitungua kibuyu. Po! Nami nikakaa kizingitini kama nilivyokuambia. Alichovya kidole, nikamwambia, "Mpake basi, Mama Mdogo, mpake upesi!" Hakunitazama. Alijipaka mwenyewe, shavuni, na ndani ya kiwiko, akaketi kando ya mwanawe.

"Subiri," akasema. "Yalale kwangu kwanza."

Maneno yako, Bibi. Kwa sauti yake. Hakusema kwa kunichoma. Hakuwa ananifikiria hata kidogo. Na mimi ndiye niliyesoma mpaka nikamaliza shule, na ndiye niliyelala kwenye mkeka wako miaka sita nikiyasikia hayo kila wakati mwali alipokaribia kutoka.

Asubuhi yake walimpaka. Baadaye wakampeleka zahanati, na dresa akasema atapona, lakini madoa huenda yakabaki, na asikae juani. Binti wa mkulima, asikae juani.

Sasa nifike pale panaponiuma zaidi. Kabla sijarudi mjini niliingia kumuaga. Alikuwa ameruhusiwa kusema. Nilitegemea anilaumu, nilikuwa nimejiandaa. Akaniuliza taratibu, midomo ikimwuma, "Dada Felista, wewe ulipojipaka, kwako ilikuwaje?"

Hakuwa ananitega. Alitaka kujua kama ngozi yake ndiyo yenye kasoro.

Nikamjibu, "Kwangu ilikuwa nzuri."

Hivyo ndivyo nilivyosema, Bibi. Mdomo wangu ulisema wenyewe. Akatikisa kichwa polepole, akageukia ukutani, na nikaona ameanza kuichukia ngozi yake.

Nilirudi mjini kwa miguu, sikumbuki njia. Jumatatu nilipotoka shuleni nilikwenda kwa Bwana Hasham. Alisikitika kweli, si mtu mbaya. Akasema, "Lakini Mwalimu, ngozi ya mwali ni laini mno. Si kosa la krimu. Wala si kosa lako." Ilikuwa njia nzuri ya kutokea. Nilitembea nayo mpaka nyumbani kama mtu aliyepewa zawadi. Mlangoni nikakumbuka kwamba zawadi hiyo ameilipia Yustina.

Nikalitafuta kopo la kijani. Lilikuwa chini ya kitanda, bado limefungwa kwa karatasi yake. Nikalifungua. Halikutoa mlio wowote. Nikajipaka ndani ya kiwiko, nikatoka uani, nikaukunjua mkono juani. Nilihesabu nyimbo. Nilizikumbuka zote, nikaziimba moyoni kwa mpangilio wake, nione mtoto yule alivumilia kiasi gani. Wimbo wa tatu nilikuwa nimeuma kanga. Wa tano sikuufikia, nilikimbilia ndoo ya maji.

Mkono tu, Bibi. Na hakuna aliyenikataza kulia.

Usiku huo sikuwaza kingine ila wasomaji. Kilosa, Kingolwira, huko milimani kwetu ambako gazeti moja linasomwa katika nyumba kumi. Ni wangapi wana siku yao kubwa wiki hii?

Jumamosi nilirudi Mlali. Sikuanza na salamu ndefu, nilimpa Mama Mdogo shikamoo nikaomba kumwona Yustina, na yeye mwenyewe awepo. Nikawaambia sikuwahi kulifungua. Nikawaambia nilinakili karatasi, na yale maneno ya siku kubwa niliyatunga kwa kuwa yalisikika vizuri. Mama Mdogo aliweka mkono mdomoni. Halafu akasema, "Kumbe ulikuwa hujui." Si kwa hasira. Kwa mshangao, kama mtu aliyeambiwa kisima alichokuwa anachota maji miaka yote hakina maji. Afadhali angenipiga.

Yustina alinivuta mkono, akakunja mkono wa gauni langu, akalitazama doa. Akaligusa kwa ncha ya kidole.

"Uliimba mpaka wapi?" akaniuliza. Nilikuwa nimemweleza.

Nikamwambia wa tano sikuufikia.

"Mimi nilizimaliza zote," akasema. Na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akaniangalia sawasawa, kwa uso ule, bila kuuficha. Sijui kama amenisamehe. Sikumwomba aharakishe.

Bibi, pumzika huko juu penye ukungu wako. Nimepanda nyonyo nyuma ya chumba changu, zimeanza kuota. Ninakuahidi kwamba hakuna kitu kitakachotoka kwenye kalamu yangu kwenda kwenye uso wa mtoto wa mtu kabla hakijalala kwangu. Kikiwa kimoja kwa mwaka, kitakuwa kimoja.

Na usidhani ni ahadi ya mdomoni. Makopo yote nimeyafunga kwenye magunia na kuyarudisha yalikotoka, yale ya posta kwa posta. Bwana Hasham aliyapokea, na la kijani akalitoa rafuni mbele yangu. Kisha nikaandika makala. Nimeeleza yote, kopo, wimbo wa tano, na uwongo wangu kwa Yustina, baada ya kumwomba ruhusa. Mhariri asipoichapa, nimenakili nyingine nne kwa mkono: moja ipo mlangoni pa kanisa, moja sokoni, moja zahanati, na moja aliichukua Mama Mdogo, anawasomea wanawake njiani kuanzia Mlali hadi mlimani.

Chini yake sikuandika Dada Nuru. Niliandika jina ulilonipa wewe. Bahasha niliipeleka stesheni mwenyewe, na treni ya asubuhi imeshaondoka nayo.

Mjukuu wako,
Felista