Kanisa Linashukuru, Jino Bado Limo

Mpendwa mshauri Josefina, naomba msaada wako, na ikiwezekana unijibu kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili natakiwa kusimama mbele ya kanisa letu zima huko Spånga nishuhudie muujiza ambao haukutokea.

Nina miaka kumi na saba, naishi Akalla tangu tulipofika kutoka Butembo, na mama na mdogo wangu Précieuse, na napenda vitabu kuliko mikusanyiko, jambo ambalo mama huwaeleza wageni kana kwamba ni ugonjwa niliourithi upande wa baba. Jino langu la mwisho, chini kushoto, limelala ubavu ndani ya taya na linasukuma jirani yake, na fizi iliyolifunika nusu imekuwa ikitunga usaha mara kwa mara mwaka huu, dawa ikiutuliza kwa muda tu, kwa hiyo daktari wa meno akanituma kwa mpasuaji wa taya huko Flemingsberg, naye akasema likatwe vipande litolewe. Nilisoma yote, mshauri. Najua kwamba jino la mwisho lililoota wima na linalosafishika huachwa lilivyo, kwamba uvimbe wa maji ndani ya taya hutolewa kabla haujala mfupa, kwamba ncha ya mzizi hukatwa pale tiba ya mzizi inaposhindwa, na kwamba wengine huwekewa skrubu ya titani mahali pa jino lililotoka. Kisu sikukiogopa hata kidogo. Nilimwogopa Maman Adrienne.

Maman Adrienne ni kiongozi wa akina mama kanisani, na kwetu sisi Wakongo mtu aliyepasuliwa haachwi peke yake, kwa hiyo mama alipotamka tu neno "operesheni" kamati ikaundwa, na kamati ikapanga watu ishirini waje sebuleni kwetu jioni ileile ya upasuaji na fufu, sombe ya majani ya muhogo, mbuzi wa kuchoma na gitaa, waniimbie, waniombee, na kila mmoja aniambie nifungue mdomo aone kidonda, huku mimi nina shavu kama mkate, nadondosha mate, na Vainqueur anayepiga gitaa ananitazama. Vainqueur hana ubaya wowote, lakini ana macho.

Nyumbani simu zote za ofisi napiga mimi, kwa sababu ya Kiswidi changu. Basi nikapiga kliniki, mama ameketi kando yangu, nikafuta miadi kwa adabu sana, nikakata simu. Mama akauliza, "Wanasema nini?" na mimi nikajisikia nikijibu, "Wanasema si lazima tena. Imepona."

Nilidhani atasema sawa. Aliruka juu. "Alleluia! Nilijua! Ile maombi ya Jumatano haikuenda bure!" Akampigia Maman Adrienne, ambaye nilimsikia bila spika: "Mtoto atashuhudia! Munganga ametafuta hiyo jino, hakuiona!" Sasa hivi kwaya inafanya mazoezi ya wimbo wa shukrani.

Na tangu jana shavu limevimba tena, mdomo unafunguka upana wa vidole viwili, navaa skafu ndani ya nyumba nikisema nasikia baridi, na Précieuse ananiambia kwa Kiswidi kwamba nafanana na panya aliyeficha karanga, na kwamba niseme ukweli. Nikiusema, mama ataaibika mbele ya kanisa lote. Nisipokwenda, watakuja wao nyumbani kuniombea. Je, naweza kusubiri hadi Jumatatu? Au niandike ushuhuda mfupi usio na uongo ndani yake? Nimeshaandika rasimu nne.

Mwenye Skafu, Akalla

*

Mwenye Skafu,

Hongera. Ulikataa watu ishirini wasikuone umevimba sebuleni, ukawaandalia mia mbili wakuone umevimba madhabahuni, tena kwa kipaza sauti na kwaya. Kwa mtu mwenye haya, una kipaji kikubwa cha kuandaa hafla.

Nakuonea huruma, usidhani simjui Maman Adrienne. Kila kanisa linaye. Mimi nilipotolewa kibole, wageni walikaa hadi nikaamka kitandani kuwachemshia chai. Lakini niambie, msomi wangu: umejifunza titani ya watu wengine, ukaruka ukurasa unaosema mdomo unaokataa kufunguka hausubiri Jumatatu? Dawa ilituliza usaha, jino halikuhama. Jino lililolala ubavu halitasimama wima kwa heshima ya kwaya.

Leo, si kesho, piga kliniki kwa Kiswidi kilekile cha adabu. Sema uvimbe umerudi, sema mdomo unafunguka vidole viwili tu, na uombe wakuone leo. Ukipata homa kali, ukishindwa kumeza mate, uvimbe ukishuka shingoni au pumzi ikikaza, hapo huombi miadi tena: unapiga 112, na humwandikii mshauri wa gazeti.

Zile rasimu nne zichane. Ushuhuda usio na uongo wala ukweli ni kazi ya wanasiasa, na wewe hujamaliza shule.

Kisha umwambie mama. Si kwa ujumbe wa simu, wala kwa kumtuma Précieuse. Wewe, kwa mdomo wako, hata kama ni wa vidole viwili. Ndiyo, ataaibika. Atakasirika, na atakutajia kila alichokubebea njiani tangu Butembo, nawe utasikiliza hadi mwisho. Halafu kumfutia Maman Adrienne hiyo Jumapili ni kazi ya mama, si yako. Wao ni watu wazima, wataelewana kwa kelele zao wenyewe. Na kliniki ikipigiwa tena, mwambie mama aombe mkalimani. Ni haki yake, na mgonjwa hapaswi kujitafsiria upasuaji wake mwenyewe; umeona matokeo.

Wageni nao huwezi kuwafuta, lakini unaweza kuwapangia. Siku ya upasuaji, hakuna mtu. Siku ya tatu, wawili, nusu saa, bila gitaa. Maman Adrienne anataka kazi, basi mpe kazi: supu iliyopoa na uji mwepesi, vya wiki nzima. Utashangaa anavyokuwa mtamu akishika mwiko. Na Vainqueur ayatumie hayo macho yake kutazama nyuzi za gitaa lake.

Unasema unaogopa kumvunjia mama muujiza wake. Binti yangu, yule mwanamke hakuruka kwa ajili ya jino. Aliruka kwa sababu ulimwambia kwamba mtoto wake hataumia. Sasa unaumia, ukuta mmoja kutoka kwake, na yeye anaimba jikoni bila kujua. Nenda.

Josefina