Nani Ataimba Lokwang

Jumatatu, 4 Agosti

Lodwar. Vumbi, joto, vichwa vichache vya kunyoa. Kila anayekaa kitini anataka niweke ile albamu yetu. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa tulipoirekodi Kakuma wanajua majigambo yote. Eti sisi ndio simba wa Kaskazini, Nairobi ije ituamkie. Simba gani. Tulikuwa na maikrofoni moja na njaa.

Bahati, mwenzangu wa albamu ile, amerudi kutoka ng'ambo. Shoo ni Jumamosi, Kakuma. Amenipigia, anasema tutapanda jukwaani pamoja kama zamani. Nitaimba ubeti wangu, Lokwang. Nimefurahi kama mjinga.

Jumatano, 6 Agosti

Bango limetoka. Sura ya Bahati peke yake. Mwandaaji anasema nafasi ilikuwa ndogo. Bango lenyewe ni kubwa kuliko mlango wangu.

Sawa. Lokwang alikuwa dume langu jeupe, nilipewa na baba. Kwetu Turkana mwanaume huimba ng'ombe wake mwenyewe, mikono juu kama pembe, na watu humwita kwa ng'ombe huyo. Mimi ni Apalokwang, baba wa Lokwang. Ukame ulimmaliza, amebaki kwenye albamu tu. Ubeti huo hakuna wa kuninyang'anya.

Jumamosi, 9 Agosti

Kakuma.

Nilisimama kando ya jukwaa na shati jipya, nangoja kuitwa. Mdundo wa Lokwang ukaanza. Bahati akainua mikono, akaimba. Ubeti wangu wote, mpaka maneno ya kengele niliyomfunga Lokwang shingoni. Umati mzima mikono juu, Wasomali, Wakongo, Waturkana, wote wanapiga kelele za jina la ng'ombe wangu. Mzee mmoja wa kwetu akaniuliza kama nimemuuza.

Nilimfuata Bahati nyuma ya jukwaa. Hakuona kosa lolote.

"Ndugu yangu, ni muziki tu. Si yule ng'ombe alikufa?"

Pumbavu kabisa. Niliondoka bila kumpa mkono.

Jumanne, 12 Agosti

Lodwar. Anapiga simu, sipokei.

Mchana hapakuwa na mteja. Nilifunga mlango, nikainua mikono, nikaimba Lokwang bila mdundo, kama tulivyokuwa tunaimba malishoni. Maneno yalikuja yote. Lakini pale Bahati anapovuta pumzi, nami nilivuta. Pale anapokaza sauti, nilikaza. Nikarudia polepole. Vilevile.

Nikashusha mikono. Nikafagia nywele za asubuhi.