Tonge la Tatu

Emdibir, Gurage
Meskerem 24, 2016

Mpendwa Shangazi Sirgut,

Shikamoo Shangazi. Habari za Winnipeg? Baridi imeshaanza kung'ata, au bado inawaonea huruma? Na goti lako je? Bibi ameniamuru niulize habari za goti kabla ya neno lingine lolote, kwa hiyo kama unaisoma barua hii huku unachechemea, ujue tulikuuliza. Sisi huku hatujambo. Baba na Mama wazima, Dagim mzima kupita kiasi, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Mimi pia ni mzima. Najua kila mtu huandika hivyo kwenye barua, hata aliye kitandani. Lakini mimi leo nimeandika kwa maana yake hasa, na ndiyo sababu nimechukua karatasi. Ujumbe kwenye simu ya Baba husomwa na nyumba nzima mpaka mdogo wangu Dagim.

Shangazi, nataka kukushukuru, na unajua jinsi nilivyo na haya, hata kushukuru hunipa shida. Ile Jumapili ulipopiga simu ya video tulikuwa tumeizunguka kahawa. Ukanitazama kidogo tu, ukasema, "We Wubit, mbona mashavu yameingia? Unatoa vipande?" Mbele ya watu wote! Dagim alicheka mpaka kahawa ikampalia. Nilitamani ardhi ipasuke. Wewe ukawageukia wao: "Mnacheka nini? Mimi nilikuwa na tegu nikiwa na umri wake. Na wewe Degu ulikuwa naye mara mbili, tena ulilia!" Baba akakohoa, akasema anakwenda kutazama ng'ombe.

Hapo ndipo nikaitikia kwa kichwa. Wewe uliona kichwa kinatikisika tu. Kwangu ulikuwa mzigo mzito unatuliwa.

Sasa nikueleze yale ambayo sikuweza kuyasema siku ile. Vile vipande vilianza kabla ya mvua kubwa. Vyeupe, bapa, kama mbegu za boga, ila vinajisogeza vyenyewe. Darasani ninaweza kuuchora mzunguko wote wa tegu, toka kwenye majani hadi kwa ng'ombe, toka kwa ng'ombe hadi kwenye nyama mbichi ya kitfo, toka kwenye kitfo hadi kwa mtu, na kila hatua nikaitaja kwa Kiingereza na kwa Kiamhara. Mwalimu alinipa alama zote. Lakini kuja nyumbani, kwa lugha yetu ya jikoni, kumwambia Mama "ninaye", ulimi ulikataa kabisa.

Nikaenda peke yangu kwenye duka la dawa karibu na soko. Nikasema tumbo linanisokota, basi. Muuzaji hakuuliza zaidi. Akanipa vidonge vya amiba, kama anavyompa kila mtu. Nikavimaliza. Vipande vikaendelea kutoka. Nikadhani dawa haijatosha, nikarudi kununua vingine. Mdomo ukawa na ladha ya chuma, nikaanza kuhara, na maziwa niliyokunywa tangu utoto yakawa yananivimbisha tumbo. Kwa hiyo nilikuwa na tegu wangu, na juu yake nikawa na tumbo ambalo halitaki kitu.

Lakini lililoniumiza zaidi ni la Bibi. Unajua mkono wake. Hawezi kukuona umekaa mezani asikutilie gursha, lile tonge la upendo, mdomoni, na kwake anayeikataa ni kama amemtemea mate. Mimi nikawa nafunga mdomo. Nilikuwa naogopa nyama mbichi isije ikaniongezea mwingine, na nilikuwa naogopa kutapika mbele ya watu. Siku moja nikiwa nyuma ya nyumba naosha vikombe, nikamsikia akimwambia Mama, "Mwache. Mkono wangu unanuka siagi. Huyu ameshasoma, anataka kijiko cha Kizungu." Sauti yake haikuwa ya hasira, Shangazi. Angekasirika ningepata nafuu. Na sikuweza kuingia ndani nikamwambia kweli, kwa kuwa kweli yenyewe ilikuwa ni kile nilichokuwa nakificha.

Kesho yake baada ya simu yako, Mama na Bibi walinipeleka kituo cha afya. Maabarani yuko dada mmoja anaitwa Kebebush. Alinipa kikopo, nikakirudisha nimekifunika kwa kitenge. Akasema, "Mbona unakificha kama umeiba? Hapa kila mtu huleta chake." Aliposikia habari za vidonge vyangu akatikisa kichwa. "Umewapiga majirani wema, mwizi umemwacha amelala." Akanieleza kwamba utumbo umejaa bakteria wasioonekana wanaotusaidia kumeng'enya chakula, na vile vidonge vinaweza kuwafagia wengi wao. Tegu si wa kabila hilo, vidonge vile havimgusi. Ndiyo maana yeye alinenepa na mimi nikakonda.

Bibi alikuwa amekuja na maua ya koso, dawa ya tegu ya wazee, yamefungwa kwenye jani. Alitaka nipewe mchuzi wake, kama walivyokunywa wao.

"Bibi, hayo hapana," Kebebush akamwambia. "Kipimo chake hakuna anayekijua. Yakizidi yanamuumiza mtoto."

"Sisi tulikunywa, tukaishi."

"Walioishi ndio wanaosimulia, Bibi."

Bibi alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akajishika mbavu. Maua akayarudisha kwapani. Nikapewa dawa ya tegu yenyewe, na tegu mwenyewe akatoka. Sitakueleza zaidi, ila Dagim alitaka kumpima kwa rula yangu ya shule nikamfukuza.

Hakuniacha mzima papo hapo. Tumbo liliendelea kusumbua, na Kebebush akasema nile kidogo kidogo: kocho, ule mkate wetu unaochachushwa shimoni, mboga za majani, na maziwa ya mgando kijiko hiki na kile, nikiona yananikubali niongeze. Akasema hawezi kuapa ni chakula gani kitawarudisha wale wema, lakini nao wanahitaji kulishwa, na wanahitaji muda. Bibi akamkatiza: "Ngoja. Kwa hiyo tumbo la mtoto ni kama shimo la kocho? Ukilikwangua likawa safi kupita kiasi, halichachi. Unarudisha chachu ya zamani, unafunika, unangoja." Kebebush akasema, "Karibu na hapo, Bibi. Karibu na hapo." Tangu siku hiyo Bibi aliniuliza habari za tumbo kila asubuhi kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na mimi nikazoea. Baba naye alichimba choo kipya chenye mfuniko, mbali na malisho.

Sasa sikukuu yetu ya Msalaba, Meskel. Nyumba ilijaa. Baba mdogo Habte alikuja kutoka Addis na viatu vyake vipya, fahali akachinjwa, wanaume wakaketi kukatakata nyama. Mimi nilikaa karibu na mlango. Nilishaamua, Shangazi. Bibi akinyoosha mkono, nitapokea, hata ikiwa mbichi. Nilikuwa tayari kumrudisha tegu kuliko kumsikia Bibi tena na sauti ile.

Bibi akachukua fungu la nyama, akalitia kwenye sufuria na siagi, akalipeleka motoni. Nilidhani analipasha tu. Hakulitoa. Akakaa juu yake anageuza mpaka wekundu wote ukaisha.

Baba mdogo Habte akaruka. "Mama! Nyama ya Meskel unaikausha hivyo? Majirani wakisikia?"

"Wasikie! Wewe kula yako mbichi. Ukianza kutoa vipande huko Addis, usinipigie simu kunililia."

Watu walicheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Kwa neno lile lile.

Kisha akakunja kitfo ndani ya kocho, akaja mpaka mlangoni nilipokaa. Nikafungua mdomo. Tonge la kwanza. La pili. Mkono wake ulinuka siagi kweli, harufu ninayoipenda kuliko zote. La tatu akalifanya kubwa kuliko yale mawili, akasema, "Hili ni la Sirgut. Mlie."

Nikakulia tonge lako, Shangazi. Pilipili ilinitoa machozi, na si pilipili peke yake. Nililimeza lote.

Baba anakusalimu na anasema hakulia. Bibi anasema alilia. Mama na Dagim wanakusalimu pia. Nisalimie Bwana Terefe, na umbusu mtoto Lidya kwenye mashavu yote mawili. Mungu akulinde huko kwenye theluji, alinyooshe goti lako, akulete Meskel ijayo ule tonge lako kwa mdomo wako mwenyewe. Bibi ameshauliza unalitaka bichi au la kuiva. Nimemjibu la kuiva.

Wako akupendaye na kukushukuru,

Wubit Degu