Kijivu Kati ya Visima Viwili

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Dizeli imevuja. Tangi la chini ya ardhi la kituo cha mafuta cha njia panda limetoboka – tangu lini, hakuna anayesema. Batholomeo, mwenyekiti wetu wa mtaa, amepita kutueleza. Visima vilivyo karibu ni viwili: changu, upande wa juu, na cha Dorothea, jirani anayeuza mchicha, upande wa chini. Mafuta lazima yaelekee kimoja. Hicho kitafungwa. Kipi? Batholomeo anasema mimi ni msomi, nimsaidie. Nimempigia Elieth, binti wa marehemu mdogo wangu. Anachora ramani za maji ofisini kwao Mtumba.

Jumamosi, 14 Septemba

Elieth amefika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliagiza tangu jana jioni mtu yeyote asiteke maji. Asubuhi akashusha kamba yenye kipimo kisimani kwangu, kwa Dorothea, na kwenye kisima cha kanisa, kilicho mbali kidogo. Vitatu, kwa kuwa viwili havitoshi kuonyesha maji yameinamia upande gani. Kisha akakaa na kompyuta. Tofauti ya kimo cha maji, igawanye kwa umbali – huo ndio mteremko. Maji ya Dorothea yako chini ya yangu kwa sentimita themanini, na kati yetu ni mita mia mbili. Mteremko ambao hata baiskeli isingeuhisi!

Kwenye ramani, maji ya juu ameyapa buluu, ya chini njano. Katikati kompyuta inachanganya yenyewe. Nilitarajia kijani. Kikatokea kijivu. Nikamwambia amekosea, kila mtoto wa darasa la tatu anajua buluu na njano huzaa kijani.

"Hiyo ni ya brashi, baba mkubwa. Hapa ni namba tu. Nusu ya hii, nusu ya ile."

Kituo cha mafuta kimekaa ndani ya kijivu hicho. Mafuta huyafuata maji kuelekea njano. Yaani kwa Dorothea.

Emiliana, mke wangu, alishusha pumzi. Nami nilishusha. Kisha tukaona haya, kila mtu akatazama kwingine.

Jumapili, 15 Septemba

Elieth ameniachia maelezo ya ukurasa mmoja niyasome kwenye mkutano wa mtaa. Kiswahili gani hiki! "Data zinaonesha trend." Nimeyasafisha. Nilifundisha ufupisho miaka thelathini na moja: sentensi isiyobeba hoja huondolewa. Mwishoni ameandika kwamba hii ni picha ya maji yaliyotulia, na kwamba watu wakianza kuvuta maji mengi upande mmoja, mteremko waweza kugeuka. Hoja ya pembeni. Nimeiondoa.

Jumanne, 17 Septemba

Mkutano umekwisha. Nilisoma, nikaonyesha ramani. Hakuna aliyebisha – nani abishane na rangi? Kisima cha Dorothea kimefungwa. Mtaa mzima utateka kwangu, kwa kuwa nina pampu ya umeme.

Dorothea hakupaza sauti. Aliuliza kama mchicha wake sasa utakunywa ramani. Watu walicheka. Ndipo akanigeukia.

"Kisima chako kimesoma, Mwalimu. Changu kiliishia darasa la pili."

Nilimjibu kwamba jambo hili ni la hesabu, si la mtu. Lilikuwa jibu sahihi. Mbona linanisumbua?

Jumamosi, 28 Septemba

Pampu inanguruma tangu alfajiri hadi giza. Foleni ya ndoo imefika kwenye mizabibu. Nimeshusha kamba: maji yamekwenda chini sana. Ni kiangazi, nimejiambia. Mama mmoja ameniita baba wa maji. Nilipendezwa.

Alhamisi, 3 Oktoba

Emiliana anasema chai inanuka kibatari. Nikamwambia ni jiko la mafuta. Akanikumbusha kwamba tunapikia mkaa.

Nimempigia Elieth.

"Ile sentensi ya mwisho uliisoma, baba mkubwa?"

Nikasema mtandao unakatika.

Jumamosi, 5 Oktoba

Amekuja, amenipa shikamoo, amepima. Basi. Pampu ikiwa inavuta, maji yangu yako mita mbili chini ya yale ya Dorothea. Akachora upya. Njano imehamia kwangu! Kituo kimebaki ndani ya kijivu kilekile, ila sasa kijivu kinaelekea huku. Rangi zimesongamana kuzunguka kisima changu. Anasema zinaposongamana ndipo mteremko ulipo mkali. Ramani ya kwanza haikuwa na kosa. Sisi ndio tulioyageuza maji, kwa kufunga kule na kuvutia huku.

Amesema nifunge leo. Nikasema sitangazi lisilothibitishwa. Pua ya mke wangu si maabara. Achukue chupa ya maji, yapimwe Jumatatu.

"Leo ndiyo unataka maelezo marefu, baba mkubwa."

Akaondoka na chupa. Hakunywa chai.

Jumapili, 6 Oktoba

Sikwenda kanisani. Ndoo ya kwanza nimeichota mwenyewe. Juu ya maji kuna utando. Unang'aa – buluu, njano, zambarau. Safari hii hakuna kijivu.

Nimezima pampu.

Foleni iko getini. Dorothea ni wa nne, mjukuu mgongoni. Nasikia wanaambiana kwamba umeme umekatika. Sijawasahihisha. Mimi!

Emiliana ameweka kufuli la kisima juu ya ukurasa huu, naandika nikilizunguka. Anasema kama miguu inaniuma atakwenda yeye. Nimemwambia natafuta sentensi ya kuanzia. "Anza na ile uliyoifuta," amesema.

Nimesimama. Nimekaa tena.

Redio ya jirani imewashwa – kwaya, sauti ya juu kabisa. Getini wamenyamaza wote. Kisha Dorothea, taratibu, kama anayemwambia mtoto:

"Mwalimu. Umeme upo."