Kifua Kilichopimwa Baada ya Mbio

Malindi, 3 Mfunguo Pili 1331

Kwa kaka yangu Mwinyihaji, shikamoo. Leo ni mwezi wa tisa tangu nitoke kwetu Vanga. Mama hajambo? Na goti lake je? Mimi miguu na mikono ni mizima, lakini kifua, kaka, wameniharibia, kisha wananiita mvivu.

Kazi yangu ni kulisha pamba mashine ya kuichambua. Vumbi lake kama unga. Ikifika adhuhuri kifua kinabana na kulia. Nikaomba nihamishwe nje, nikapakie marobota. Nyapara akasema, "Mngoje daktari."

Juzi daktari akaja na haraka zake. Akatukimbiza mara moja kuzunguka ghala, kisha akaweka kitonge cha pamba mezani: haya, puliza! Changu kikaruka kikavuka meza. Akacheka. "Huyu? Mapafu ya farasi!"

Nyapara akadakia, "Si nilikwambia, bwana? Kwao mpiga zumari huyu. Amezoea kula biriani za harusi."

Nikasema, "Bwana, mbio zimenifungua kwa muda tu. Kaa nami kidogo, kisha nipulize tena."

Sikubahatisha, kaka. Nimejipima kwa zumari siku nyingi. Kabla ya mbio, sauti fupi. Nikimaliza tu kukimbia, sauti ndefu, tamu. Nikikaa muda wa mhogo kuiva, hautoki hata mlio wa kifaranga. Lakini yeye alikwisha andika. Ni kama mtu apime kisima mvua ikinyesha, kisha awaambie wenyewe maji yanawatosha!

Alipopanda punda wake mimi nimeshika nguzo, pumzi haipandi haishuki. Saburi, mwenzangu wa mashine, akapiga kelele, "Daktari! Rudi umwone farasi wako!" Hakugeuka. Asubuhi nikarudishwa mashineni.

Kazi ngumu naijua. Linaloniuma ni kuambiwa na mgeni kwamba pumzi yangu siijui.

Nisalimie Mama, na shemeji, na mwalimu wetu wa chuoni. Mwambie mwanao Mwanaisha ahadi yangu ya zumari iko pale pale. Mkataba wangu unakwisha Mfunguo Tano, nami nitafika kabla ya harusi yake. Siku hiyo msinicheke mkiniona nazunguka nyumba mbio. Nitapiga wimbo mmoja, wa kumtoa bibi harusi. Wa pili, mtafute mtu mwingine.

Nduguyo mdogo,
Omari