Leso ya Mama Adhis

Jumatatu, 8 Julai 1996

Sikujua mbwa anaweza kuomboleza. Mrembo (jina tu, uso ni wa kondoo) aliachwa na fundi viatu wa Gatina aliyefariki mwezi wa tano. Makao yetu ya mbwa yamempeleka kwa watu wawili tangu hapo. Kwa kila mmoja alikaa mlangoni, hakugusa chakula, mpaka nikatumwa kumrudisha. Leo Daktari Mumbi ameniambia amepatikana wa tatu: Apiyo, mkaanga samaki wa Gatwekera. Huyu naye akishindwa, ni sindano ya kumlaza asiamke. Alisema hivyo akiangalia dirisha. Mimi ni dereva tu. Na mbwa bado nawaogopa, miaka yote hii! Anayejua ni mke wangu Mideva peke yake. Lakini vile anavyocheka, ploti nzima inajua.

Jumatano, 10 Julai

Desturi yetu: anayetaka mbwa anatuma nguo aliyoshinda nayo, mbwa alale nayo kabla hawajaonana. Apiyo – kwao wanamwita Mama Adhis – alinipa sweta imefungwa vizuri kwa gazeti, kama zawadi ya harusi. Mrembo akainusa, akapiga chafya, akaenda kulala kwa simiti. Jioni Mideva akauliza mbona sili. Nikasema ni jino.

Ijumaa, 12 Julai

Nimerudi Gatwekera. Nikamuuliza, hiyo sweta uliivaa lini?

"Niliifua na Omo. Nikaipiga pasi."

"Mbwa hatafuti Omo, mama."

"Sasa nitume nguo ya samaki kwa ofisi ya watu? Mseme mimi ni mchafu, mninyime?"

Nikacheka, halafu nikajikumbuka. Mimi kuomba hii kazi nilivaa suti ya shemeji. Akageuza samaki kwa karai. Akasema tangu Adhis aolewe huko Kisumu, anakula akiangalia ukuta. Kisha akafungua leso kiunoni, mafuta na magamba, akanipa haraka haraka.

"Usimwonyeshe daktari."

Jumamosi, 13 Julai

Hii sijui niiandike vipi. Nilirusha leso juu ya wavu wa banda lake, ujasiri wangu unaishia hapo. Mrembo akaja. Akainusa kutoka pindo hadi pindo, hakuruka mahali. Akaivuta kwa miguu, akaifanya kitanda. Alipoamka akala. Ugali wote. Daktari Mumbi alikuwa amesimama kando yangu. Yule mama hajakanyaga hapa, na tayari amefika.

Jumapili, 14 Julai

Mama Adhis amekuja kutoka kanisani. Gauni jeupe. Poda. Mikono ameisugua na ndimu, nainusa kutoka hapa. Nikamwambia, mama, tuliongea nini?

"Dereva, Jumapili sitembei nikinuka. Hata kwa mbwa."

Mrembo ametoka na leso mdomoni. Akampita. Akaenda moja kwa moja hadi getini, akaketi kuangalia barabara, vile alivyofanya kwa wale wengine. Mimi nimekuja kujificha kwa gari, najifanya naandika mafuta na maili kwa daftari la gari.

Mama Adhis hajamwita. Amevua viatu, ameketi kwa vumbi na hilo gauni lake, amenyoosha mkono. Basi.

Mrembo amegeuka. Anarudi, polepole. Sasa ananusa vidole, kimoja baada ya kingine. Chini ya kucha. Huko ndimu haikufika.

Daktari Mumbi ananionyesha kwa mkono, usiwashe injini, utamshtua. Mlango wa nyuma wa gari niliuacha wazi. Leso imeanguka chini, na mbwa hajaiangalia tena –