Mkaguzi na Nguzo ya Geti

Dada yangu mpendwa,

Kabla ya salamu, nakusihi: barua hii isome peke yako, kisha uitie motoni. Asiijue shemeji, na zaidi ya wote asiijue mama, maana mama akijua jambo leo, kesho limemfikia mkuu wangu wa kazi likiwa limetiwa chumvi. Sasa ndiyo nikusalimie. Hujambo? Watoto hawajambo? Kifua chako kimetulia? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaokwenda mbio, kama unavyonijua.

Mama atakuwa amekuandikia habari za Mkaguzi, mbwa uliyeniachia ulipoolewa. Nataka uzisikie kwangu.

Unajua tabia yake. Hakuna nguzo wala ndoo aliyoipita bila kuinua mguu. Ndiyo maana ukamwita hivyo. Hapa nakaa chumba cha uani mwa ofisi, kwa hisani ya mkuu, na kila tukitoka lazima tupite getini. Nguzo ya kushoto akaifanya yake. Mlinzi alikuwa akicheka kwamba Mkaguzi keshasaini, kazi zianze. Mkuu hakucheka. Aliagiza nguzo isuguliwe kila asubuhi kwa dawa ya chooni, ile kali inayochoma pua, na kadiri ilivyosuguliwa ndivyo Mkaguzi alivyoirudia, kama mtu aliyetukanwa.

Siku moja mgeni wa mkuu, mama mwenye heshima zake, alisimama getini akiaga, mkoba kauegemeza nguzoni. Nilivuta kamba, nikachelewa. Mkuu aliniita, akafunga mlango, akasema kwa upole, na upole wake ndio unaotisha, kwamba karani asiyeweza kumtawala mbwa hawezi kutawala mafaili. Nimpeleke akamalizwe kwa sindano, ama tufungashe virago sote wawili. Niliitikia ndiyo, mkuu. Dada, niliitikia.

Daktari wa mifugo alimtazama Mkaguzi, akanitazama mimi, akauliza mgonjwa ni yupi kati yetu. Nilipomweleza, akataka kujua nguzo inaoshwa kwa dawa gani. Nikamtajia dawa, akacheka hadi akakaa. Alisema harufu ile, kwa pua ya mbwa, ni mkojo wa mbwa mwingine. Yaani kila asubuhi ofisi nzima ilikuwa ikimchokoza, kisha inamlaumu kwa kujibu. Nilikwenda kumweleza mkuu nikiwa nimesimama mlangoni. Alisema hakuajiri karani wa kumfundisha kuosha nguzo, akauliza kama mbwa keshakufa au bado.

Nikasema keshakufa. Mkuu akanipongeza kwamba sasa nimekuwa mtu mzima. Mama naye nikamwambia hivyo hivyo, maana yeye na mkuu ni watu wa kupigiana simu.

Dada, Mkaguzi yu hai. Yuko uani kwa daktari, amehasiwa, kidonda kimepona. Kila jioni namfundisha: kamba fupi, tunatembea katikati ya njia, na pua ikielekea tu kwenye nguzo namwita, nampa kipande cha mkate kabla mguu haujanyanyuka. Mwisho wa matembezi ana mti wake, huo ni ruhusa. Akikosea simpigi, namwaga maji ya siki kuua harufu, tunaendelea.

Uongo ule siujutii, na sitauendeleza. Jumapili nitaiosha nguzo kwa siki mwenyewe. Jumatatu, watu wakiingia kazini, nitapita naye pale getini, mbele ya mkuu. Akiinua mguu, nitapangusa wote wakiona. Asipoinua, wataona pia. Woga bado ninao, lakini kuitikia ndiyo kwa jambo kama lile, basi tena. Mama asijue hadi Jumatatu ipite, maana atakuja kumpigia mkuu magoti kwa niaba yangu, na magoti hayo siyataki.

Wakumbatie watoto, bila kuwaambia salamu zimetoka wapi.

Usiniandikie tena kwa anwani ya ofisi. Nimeshapanga chumba jirani na daktari. Ukija, shuka sokoni, fuata barabara ya mafundi baiskeli hadi mlango wa bati la kijani. Usibishe hodi, na mkoba usiuweke chini. Simama katikati ya njia, piga ule mluzi wako wa zamani. Atakayetangulia mbio ni yeye. Anayefuata na kamba mkononi ni mimi,

mdogo wako.